Usingizi wa Mathayo, Dereva wa Trekta ya Kijiji

Wanaosema kukoroma ni dalili ya mtu aliyeshiba na kutulia, waje waniulize mimi. Nimelala ubavuni mwa mkoromo miaka mingi kuliko umri wa wengine wao. Mimi ndiye Costancia, mke wa Mathayo, yule dereva wa trekta wa enzi za Ujamaa. Habari yake naisimulia mwenyewe kwa sababu wakiisimulia wengine wanaitia chumvi mno, na kuna wanaoacha hata kumtaja Mwamvua, jambo ambalo silivumilii hata kidogo.

Aliponioa, Mathayo alikuwa kijana mwembamba wa shamba la mkonge, mwepesi wa mguu na wa mzaha. Udereva wa trekta alifundishwa na Mgiriki mmoja huko Kilosa, akaujua kuliko huyo Mgiriki. Siku ya Uhuru alicheza ngoma mpaka soli ya kiatu ikabanduka, akamalizia na kimoja. Asubuhi yake alikwenda kazini kama kawaida. Nalisema hili mapema ili lieleweke: mume wangu hakuwa mvivu. Uvivu hata angeutaka asingeuweza.

Kisha likaja agizo la watu kukaa vijijini pamoja. Sisi tulihamishiwa kijiji kipya upande wa Kisanga, ukitoka Mikumi. Nyumba zikapangwa kwa mistari, shamba la kijiji likapimwa bondeni, na haukupita muda tukaletewa trekta. Trekta mpya, nyekundu, inang'aa! Watoto waliilamba, sikudanganyi. Na katika kijiji kizima mtu aliyejua kuiendesha alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wangu.

Loo, tuliheshimiwa! Kila alikopita Mathayo ilikuwa "Dereva karibu, dereva onja hiki, dereva maliza hiki." Huku ugali kwa nyama, kule ugali kwa kambale, jioni pombe ya mtama. Kutwa nzima amekaa kwenye kiti cha trekta, miguu haitembei, mdomo hautulii. Basi akanenepa. Akanenepa shingo kuliko yote, hadi kifungo cha juu cha shati kikawa pambo tu. Watu wakaniambia nimemtunza mume. Nami nikafurahi, kwa nini nisifurahi?

Mkoromo wake wa zamani ulikuwa wa kawaida, wa mtu aliyechoka. Huu mpya ulikuwa kitu kingine. Alivuta, akavuta, kama mtu anayekokota gunia juu ya changarawe, halafu ghafla kimya. Kimya kabisa. Mimi macho kodo nikingoja. Kisha anashtuka kwa kishindo, anakoroma kama anayepaliwa na maji, anarusha mkono, anageuka, na safari inaanza upya. Nilimpiga viwiko mpaka viwiko vyenyewe vikaota sugu. Majirani waliokuwa mistari miwili mbele walilalamika. Mmoja alidhani tunafuga nguruwe kwa siri.

Na mchana sasa! Alikuwa anaamka kichwa kinamgonga, mdomo umemkauka, na hasira za bure. Alisinzia na kikombe cha chai mkononi, chai ikamuunguza mapaja. Alisinzia kanisani, alisinzia akisukwasukwa na trekta yenyewe. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni amelisahau, na ukimkumbusha anakugombeza. Yule kijana wa mzaha nilikuwa simwoni tena. Nilikuwa naishi na mtu mzito, mkimya, mwenye macho mekundu, nami nilimlilia mume wangu ilhali yupo nyumbani.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Shangazi yake alisema ni jinamizi linamkalia kifuani, akaleta majani ya kufukiza, tukafukiza, tukakohoa sote. Wazee wa kilabuni walisema ni uchovu wa kazi, apewe pombe kidogo kila jioni alale fofofo. Hiyo ndiyo tuliishika, kwa maana ilikuwa tamu. Nikawa nampimia mwenyewe kibuyu chake. Kumbe tulikuwa tunamwagia moto petroli. Akinywa, kile kimya chake kinazidi urefu, na kesho yake anaamka hoi zaidi.

Halafu ikaja siku ya kichuguu.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali la msimu wa kulima, watu wamejaa shambani. Mathayo yuko juu ya trekta anakata matuta. Mara tukaona trekta imeacha mstari. Inakwenda, inakwenda, imelipita shamba, imeingia kwenye kitalu cha mihogo ya kijiji, inaelekea pale watoto wadogo walipokuwa wanachezea kivulini. Tulipiga mayowe. Watoto walitawanyika kama vifaranga. Trekta ikapanda kichuguu, ikakwama juu yake, magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka bure na kuchimba udongo. Tulipofika, mume wangu alikuwa amelaza shavu juu ya usukani. Anakoroma.

Hakuna mtoto aliyeumia. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo kabla sijashukuru kingine chochote.

Lakini maneno sasa! Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Simoni, mtu mwenye sauti ya kipaza sauti hata akinong'ona. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko mkewe, nalo ni "kupe". Kupe maana yake mtu anayenyonya jasho la wenzake. Asiyefika shambani ni kupe, anayefika amechelewa ni kupe, na sasa anayelala kazini akaharibu mali ya umma ni kupe mkubwa. Akatangaza mkutano wa kijiji. Mathayo atanyang'anywa trekta, na jina lake litapelekwa wilayani kama mhujumu.

Mhujumu! Mnajua uzito wa neno hilo wakati ule? Mtu akishaitwa hivyo, hata kisimani mkewe haamkiwi vizuri. Mathayo aliposikia, alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Mama Lea, mimi sijui ninalala saa ngapi. Naona trekta, halafu naona watu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aaminiwe. Nilimwamini, lakini kuamini kwangu kulikuwa hakusaidii mkutanoni.

Kabla mkutano haujafika, Mzee Cornel akafariki. Huyo alikuwa mjomba wake Mathayo, mzee wa ukoo, basi shughuli zote za kijiji zikasimama tukaingia matangani.

Hapo ndipo anapoingia Mwamvua. Ukoo wake na ukoo wa Mathayo ni watani tangu enzi za mababu. Sisi tukifiwa, wao ndio wanaochimba kaburi, wanaoshika maiti, wanaopika na kutukana. Ndiyo, kutukana. Mtani msibani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Kazi yake ni kuwafanya wafiwa wacheke kwa lazima wasije wakamfuata marehemu kwa huzuni. Na Mwamvua aliifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Siku hiyo alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, amebeba na fimbo yake, anatembea vilevile kama Mzee Cornel alivyotembea, anadai mjane amletee maji ya kunawa. Mjane mwenyewe alikuwa analia huku anacheka.

Katekista akasimama kuomba. Wanaume wamekaa mkekani, vichwa chini. Katikati ya sala, tukasikia mkoromo. Mungu wangu! Sikuhitaji kugeuka. Mathayo alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anaukokota ule mzigo wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Simoni naye hakungoja hata Amina. "Mnaona wenyewe," akasema. "Hata kwa mjomba wake aliyemlea."

"We Mwenyekiti, koma!" Mwamvua akaruka na fimbo. "Huyu ni mtani wangu. Wa kumtukana ni mimi, wewe omba ruhusa!" Akaja akajitupa mkekani kando ya Mathayo na lile koti, akaanza kumwigiza. Jamani, alimwigiza! Alivuta pumzi mpaka kofia ikacheza kichwani. Halafu akanyamaza. Macho yamemtoka, tumbo linapanda na kushuka, mkono unapapasa hewani. Akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kushikana mbavu. Kisha akapaliwa, akarusha teke, akamwaga maji ya katekista, akageuka upande na kuanza tena. Msiba wote uliangua kicheko. Mathayo akaamka, akauliza, "Kuna nini?" Basi wakacheka upya.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama bila kucheka. Alikuwa Danieli, mtoto wa marehemu, daktari. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, akapangiwa kazi Kilosa, na sasa amekuja kumzika baba yake.

"Dada Mwamvua," akasema, "hebu rudia."

Mwamvua akadhani amepata mpenzi wa mchezo, akarudia kwa mbwembwe zaidi. Danieli akachuchumaa karibu yake. "Hapo unapokaa kimya, unatuchekesha tu, au ndivyo anavyofanya?"

"Daktari, mimi mtani, si mwongo. Nyumba yangu iko nyuma ya yao. Muulize mwenye mume."

Danieli akanigeukia. "Shikamoo shemeji. Naomba uniambie kweli."

"Marahaba. Ndivyo anavyofanya," nikasema. "Tena yeye anakaa kimya zaidi ya hapo."

"Na tumbo?"

"Linahangaika vilevile. Linapanda, linashuka, lakini pumzi haipiti."

Nilijisikia nikisema maneno hayo. Pumzi haipiti. Muda wote ule nilikuwa nalalamikia kelele, kumbe cha kuogopa kilikuwa ule ukimya.

Mchana uleule Danieli alimlaza Mathayo chali kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Kumlaza hakukuwa kazi, mtu alikuwa tayari kulala amesimama. Daktari akakaa karibu ya kichwa chake, kidole mbele ya pua, jicho kwenye kifua. Nami nikakaa miguuni. Mkoromo ukaja, ukakata, Danieli akaninyooshea kidole chake kuonyesha kwamba hakuna upepo unaokigusa. Tulingoja. Nilikuwa nasali kimoyomoyo. Mathayo aliposhtuka na kuvuta hewa, Danieli mwenyewe alishusha pumzi.

"Shemeji," akaniambia, "mumeo halali."

"Halali? Daktari, huyu analala hata akishika kikombe!"

"Ndiyo sababu. Usiku halali, ndiyo maana mchana anaanguka." Akachuma jani la papai lililonyauka, akakata bua lake lenye tundu, akaniambia ninyonye kwa nguvu. Bua likajibana, hewa ikakataa kupita. "Koo lake linafanya hivi. Akilala, nyama za kooni zinalegea, ulimi unaangukia nyuma, njia inajifunga. Anakosa hewa. Mwili ukiona anakufa unamwamsha, si kuamka kwa kujua, anaamka kidogo tu apate kuvuta, kisha anarudi. Usiku kucha ni hivyo. Hakumbuki kitu asubuhi, anakumbuka kichwa kinauma."

Nilimwuliza kama ni jinamizi. Hakunicheka. Alisema aliyeliita jinamizi alikuwa ameona sawasawa kwamba kuna kinachombana mtu usingizini, ila anayembana ni shingo yake mwenyewe. Akasema pia, na hili nilimpenda nalo, kwamba hata yeye hakufundishwa ugonjwa huo alipoanza udaktari. Aliusikia ng'ambo, na madaktari wenyewe ndiyo kwanza walikuwa wanauandikia miaka hiyo.

"Atakufa?" nikauliza.

"Tukimwacha hivi, moyo utachoka mapema, na presha yake, nilivyompima, tayari iko juu. Au trekta itautangulia moyo kumwua."

"Una kidonge?"

"Kidonge sina. Na vya usingizi asiguse kamwe, wala pombe, hasa jioni, maana vinazidi kulegeza koo. Apungue mwili. Asilale chali, alale ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo. Tukishindwa kabisa kuna kupasua koo, lakini tusianzie huko."

Niliondoka pale nikiwa mwepesi kama nimetuliwa mzigo wa kuni. Ulikuwa ugonjwa! Haukuwa uvivu, haukuwa uchawi, haukuwa hujuma. Ulikuwa na jina huko kwa wenye majina, na mume wangu hakuwa kupe.

Siku ya mkutano nilikaa mbele makusudi. Simoni akaeleza mashtaka kwa sauti yake ile. Danieli akaomba kusema. Akaeleza yote kama alivyonieleza, na bua la papai akalipitisha watu walinyonye. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Usingizi nao ugonjwa? Basi hata mimi naumwa tangu nizaliwe!" Watu wakacheka. Danieli akamwuliza kwa upole, "Mzee wangu, ukilala unaamka umepumzika?" Akajibu, "Napumzika sana." "Basi huumwi. Mwenzako hajapumzika miaka."

Niliona nyuso zikilegea. Hata Simoni alikuna kidevu akasema, "Kama ni hivyo, neno la hujuma nalifuta. Kwa hiyo daktari, arudi kwenye trekta?"

"Hapana," akasema Danieli.

Ebo! Nilisimama. "Daktari, umekuja kumtetea au kumzika?"

"Shemeji, nisamehe. Leo hii akipanda, atalala tena, na safari ijayo kichuguu hakitakuwapo. Watoto watakuwapo. Apone kwanza."

Nilikaa chini nikilia kwa hasira. Ile trekta ndiyo ilikuwa heshima ya Mathayo, na aliyeinyang'anya alikuwa yuleyule niliyekuwa namwombea baraka. Mathayo ndiye aliyeniambia polepole, "Mama Lea, amesema kweli. Mimi mwenyewe naiogopa." Sikuwa nimejua kwamba alikuwa anaogopa.

Basi ikaamuliwa kijana Paulo ajifunze kuendesha, na Mathayo amfundishe akitembea kwa miguu. Wala Danieli hakuipanga hiyo, ila kwangu ilikuwa nusu ya dawa. Maana kumfundisha Paulo ilikuwa adhabu! Mkono wake ulikuwa mzito, matuta yake yanapinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Mathayo alikuwa anatembea kando ya trekta kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, akigombeza, akirudi, akienda tena. "Kaza! Legeza! We Paulo, unalima au unaandika jina lako?" Jasho likamtoka la miaka yote.

Nusu ya pili niliishona mwenyewe. Nilichukua fulana yake kuukuu, nikaishonea mfuko mgongoni, nikatia magunzi ya mahindi. Akilala chali tu, magunzi yanamchoma, anaguna, anarudi ubavu. Mara ya kwanza aliivua akaitupa nje. Nikaiokota, nikamvisha. Akaitupa, nikamvisha. Mwamvua aliyekuwa anasikia yote akamwita Bwana Magunzi, na kijiji kizima kikafuata. Kitanda tukakiinua kichwani kwa matofali.

Chakula ndicho kilichotugombanisha. Nikipunguza ugali, anakwenda kula kwa watu. Nilipomlalamikia Mwamvua, alivaa tena kofia ya Mzee Cornel na kupita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba atakayempa Bwana Magunzi pombe au tonge la pili, siku akifiwa, yeye Mwamvua hatakuja kuchimba kaburi. Nani angethubutu? Vibuyu vikafichwa. Wazee wa kilabuni walimwonea huruma Mathayo kwa mbali.

Haikuwa rahisi, wala haikuwa haraka. Kuna majuma tulikata tamaa, na kuna siku alikwenda kunywa kwa siri huko Mikumi akarudi nikaujua ukimya wake uleule. Lakini kichwa cha asubuhi kikaanza kumwacha. Kisha hasira zikapungua. Tukawa tunakwenda Kilosa kwa Danieli kupima presha, na kila mara ananiuliza mimi kwanza: "Shemeji, ukimya?" Namwambia unafupika. Masika yakapita, mahindi yakavunwa, shati likafungika kifungo cha juu. Siku moja nikiwa nafagia uani, Mathayo kajilaza ubavu mkekani baada ya chakula, nikagundua kwamba simsikii. Roho iliniruka! Nilitupa ufagio nikamkimbilia, nikaweka mkono puani. Hewa ilikuwa inakuja na kwenda, taratibu, ya moto, bila mapengo. Akafumbua jicho akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia ndiyo.

Danieli akasema sasa inawezekana ajaribiwe. Simoni akasema jaribio analo yeye. Angekuja mgeni kutoka wilayani kutuhutubia juu ya samadi na matuta ya kuzuia maji. Mathayo atakaa mstari wa mbele. Akisinzia, habari ya trekta imekwisha.

Mimi nadhani Simoni hakujua mgeni huyo anavyoongea. Alianza baada ya kula, na tulikula ubwabwa na mbuzi, jua liko utosini, mabati ya jengo la kijiji yanapasuka kwa joto. Akaongea juu ya samadi. Akaacha samadi, akarudia samadi. Macho yangu hayakutoka kwenye kisogo cha Mathayo. Kila alipoinamisha kichwa mimi nilikata roho. Kumbe anafukuza nzi.

Nilipogeuka kuomba msaada wa macho ya Mwamvua, nikamkuta amelala begani kwa mjane wa Mzee Cornel. Paulo alikuwa amelala. Katekista alikuwa amelala kwa heshima, mikono magotini. Nikatazama jukwaani, na pale kando ya mgeni, Mwenyekiti wetu Simoni alikuwa kaegemeza kichwa kwenye mlingoti wa bendera, mdomo wazi.

"Kuna swali?" akauliza mgeni.

Mkono mmoja tu ukainuka. "Ndugu mgeni," akasema Mathayo kwa sauti safi ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu, "umesema matuta yakinge maji. Bonde letu linaelemea mtoni. Sasa trekta igeuzie juu ya mwinuko au ikate njia ya kugeuzia pembeni? Kwa maana ikigeuzia juu, matairi yanachimba, na huo ndio mfereji wa maji mwaka wa pili."

Mgeni alifurahi kama mtu aliyekuta maji jangwani. Alijibu, Mathayo akauliza la pili, wakaanza kuchorana hewani kwa mikono. Simoni akashtuka usingizini, akaona mgeni anatabasamu, akapiga kelele, "Apigiwe makofi!" Watu wakaamka wakapiga makofi bila kujua ya nini. Mwamvua alikuwa wa kwanza kuelewa. "Mwenyekiti," akasema huku anajifuta mate, "nieleze vizuri, kupe ni yupi leo?"

Simoni alicheka, na ni haki nimsifu kwa hilo, alicheka mpaka machozi. Akavua ufunguo wa trekta shingoni mwake akamkabidhi Mathayo mbele ya wote.

Aliiendesha trekta hiyo mpaka ilipokufa yenyewe kwa kukosa vipuri. Fulana ya magunzi hakuiacha, maana ugonjwa ule hauondoki moja kwa moja, unaulinda tu usirudi. Danieli alihamishwa akaenda mbali, na kila mavuno tulimtumia debe la mchele kwa mtu yeyote anayekwenda huko. Mwamvua alipofariki, Mathayo ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini, na alimtukana vizuri, alimtukana kwa mapenzi, hadi watoto wake wakacheka. Nawashukuru hao wawili kila ninapopiga goti.

Lakini siku ile ya ufunguo, nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye trekta. Hakwenda. Alikuja nyumbani, mimi nachambua mboga kibarazani, akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Mama Lea," akasema, "harusi ya Lea ilikuwaje?"

Nikacheka. Lea ni binti yetu wa kwanza, na alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia. "Unaniuliza mimi? Si ulikuwapo, umekaa mbele kabisa!"

"Nilikuwapo. Nakumbuka nilivaa koti. Nakumbuka padre anaingia. Baada ya hapo nakumbuka watu wanabeba mabenchi." Alikuwa anautazama ufunguo kiganjani. "Sikuiona. Sikuthubutu kumwambia mtu. Nisimulie."

Nikaweka mboga chini. Nikamsimulia gauni la Lea na nani alilishona, na jinsi alivyovishwa pete. Nikamsimulia na lile nililokuwa nimelificha: kwamba alipoambiwa aage wazazi, Lea aligeuka kumtafuta baba yake, nikamfinya Mathayo, akasema "Amina" na macho ameyafumba. Machozi yalimshuka Mathayo, wala hakuyafuta, na wala hakuondoa macho yake usoni kwangu. Nilipofika mwisho, nikadhani nimemchosha, nikanyanyua ungo wangu.

"Bado," akasema. "Na mwaka juzi? Endelea, mama. Nasikiliza."